Bwana Churchill na Biri za Havana

Marehemu babangu hakuvuta tumbaku maisha yake yote, wala hakuitafuna kwa tambuu. Walakini katika kabati lake la nguo, chini ya kanzu za Idi, palikuwa na mkebe wa bati, na ndani ya mkebe huo mlikuwa na biri moja. Kwa biri sikusudii ile ndogo ya Kihindi ifungwayo kwa uzi. Nakusudia ile nene na ndefu, iliyosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku bila ya karatasi.

Alipewa na nahodha wa meli ya mizigo, zama zile baba alipokuwa karani bandarini Kilindini. Nahodha alimwambia kuwa hiyo si sigara ya kila mtu. Ni ya Havana, ya namna ile aliyokuwa akivuta Churchill. Baba hakuweza kuivuta, na kuitupa aliona ni kumvunjia heshima aliyempa. Basi akaiweka. Siku moja, nikiwa na miaka kumi hivi, niliufungua mkebe kwa siri. Nikakuta unga wa rangi ya kahawa na kijiti kilichojaa matundu. Wadudu walikuwa wamekwisha kuila.

Nilichapwa siku hiyo, ingawa wadudu sikuwaleta mimi. Lakini jina la Churchill likanikaa moyoni. Nilipokua nikasoma habari zake kila nilipozipata, na leo nataka kuwasimulia wasomaji maisha ya mtu huyu kwa upande mmoja tu: jinsi alivyozijua biri zake, jinsi alivyozipata zilipokuwa adimu, na siku moja ambapo alitakiwa kwa adabu aiweke chini, asikubali.

KIJANA NA VITA VYA WENYEWE

Winston Churchill alizaliwa tarehe 30 Novemba, 1874, katika jumba la Blenheim huko Uingereza. Babake, Lord Randolph, alikuwa mwanasiasa mashuhuri. Mamake, Jennie, alikuwa Mmarekani wa New York. Baba huyo alifariki tarehe 24 Januari, 1895, mwana akiwa na miaka ishirini tu. Naomba msomaji aikumbuke tarehe hiyo, maana tutairudia.

Mwaka huo huo kijana akaingia jeshini katika kikosi cha wapanda farasi. Alikuwa na hamu ya kuona vita, na kwa kuwa kwao hapakuwa na vita, akavifuata vya watu wengine. Novemba 1895 akasafiri pamoja na mwenzake Reginald Barnes mpaka kisiwa cha Cuba, ambako wenyeji walikuwa wakipigana kujikomboa kutoka kwa Wahispania. Churchill alifuatana na jeshi la Wahispania kama mtazamaji, akiliandikia gazeti la Daily Graphic. Tarehe 30 Novemba, siku alipotimiza miaka 21, ndipo aliposikia risasi za vita zikimpita kwa mara ya kwanza.

Alirudi kwao na mazoea mawili ambayo hakuyaacha mpaka kufa kwake: kulala kidogo mchana, na kuvuta biri za Havana.

JANI LENYEWE

Pengine msomaji atauliza, kuna nini katika biri ya Havana hata mtu aitafute dunia nzima? Majibu yako katika udongo. Tumbaku inayosifiwa zaidi hutoka magharibi mwa Cuba, katika mkoa wa Pinar del Río, sehemu iitwayo Vuelta Abajo. Majani yakishavunwa huanikwa ndani ya mabanda, kisha hurundikwa yakapata joto na kuchacha, na baadaye huhifadhiwa kwa muda mrefu kabla ya kusokotwa.

Biri nzuri husokotwa kwa mkono, na ina sehemu tatu. Ndani mna majani ya kujazia, ambayo ndiyo yenye ladha na ukali. Juu yake huja jani la kufungia. Mwisho kabisa huvishwa jani la nje, laini na lisilo doa, kama mtu avaavyo joho juu ya kanzu. Katika viwanda vya Cuba, tangu mwaka 1865, imekuwako desturi ya kumweka msomaji juu ya jukwaa akawasomea wasokotaji magazeti na hadithi wakati mikono yao inafanya kazi. Ndiyo sababu biri maarufu zimepewa majina ya vitabu: Romeo y Julieta kwa mchezo wa Shakespeare, na Montecristo kwa hadithi ya Dumas.

Mnunuzi anayejua huiminya biri kidogo kwa vidole; ikiwa ngumu kama kijiti, moshi hautapita; ikibonyea mahali, imesokotwa vibaya. Hulitazama jani la nje kama lina mafuta kidogo na rangi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Hunusa. Hutazama mhuri wa serikali ya Cuba juu ya kasha. Halafu, baada ya kununua, ana kazi ya kuitunza. Biri ikikauka hupasuka na kuwa chungu. Ikipata maji mengi huota ukungu. Na ikiwekwa katika joto, mayai ya mdudu mdogo wa tumbaku huanguliwa na kuitoboa. Kwa hiyo huwekwa katika makasha ya mwerezi, mahali penye ubaridi na unyevu wa kiasi. Mkebe wa babangu, katika joto la Mombasa, ulikuwa kaburi la biri ile tangu siku ya kwanza.

Watu wa pwani hawatashangazwa na haya. Nani kati yetu hununua udi kwa mtu asiyemjua? Huonyeshwa kipande, ukakinusa, ukakiweka juu ya kaa, na bado mwisho wa yote unategemea uaminifu wa muuzaji. Kizuri chajiuza, lakini kizuri kitokacho mbali chauzwa na jina la mtu.

DUKA LA LONDON

Churchill alilijua hilo mapema. Agosti 1900, akiwa na miaka 25, aliingia katika duka la Robert Lewis, mtaa wa St James's, London, akanunua biri hamsini. Wakati huo jina lake lilikuwa limeanza kuvuma, maana mwaka uliotangulia alitekwa na Makaburu huko Afrika Kusini kisha akatoroka. Aliendelea kuwa mteja wa duka hilo kwa miaka 64. Agizo lake la mwisho liliandikwa Desemba 1964, mwezi mmoja kabla ya kufariki. Duka lipo mpaka leo, ingawa sasa linaitwa James J. Fox, na daftari zenye jina lake zimehifadhiwa.

Nami nawaonea huruma waliomshikia daftari hizo. Churchill alipenda vitu vizuri kuliko alivyopenda kulipa. Alikuwa mtu wa ukoo mkubwa lakini si tajiri, na alijipatia riziki kwa kuandika vitabu na magazeti. Wauza mvinyo, washonaji na wauza biri walizoea kumsubiri. Wahenga walisema kuwa dawa ya deni ni kulipa. Yeye dawa hiyo aliinywa kwa kuchelewa sana.

ALIPOPITA MOMBASA

Mwishoni mwa Oktoba 1907 Churchill alifika hapa Mombasa kwa manowari. Alikuwa naibu wa Waziri wa Makoloni. Pwani yetu wakati huo ilikuwa ni ya Sultani wa Unguja kwa jina na bendera, lakini Waingereza ndio waliotawala ukanda wa maili kumi. Mgeni hakukaa sana. Alipanda gari la moshi, akaketi kwenye kiti kilichowekwa mbele kabisa ya injini apate kuwaona wanyama wa nyika, akaenda Nairobi na Uganda, kisha akashuka na mto Nile mpaka Khartoum na Misri. Mtumishi wake, George Scrivings, aliugua njiani akafia Khartoum. Mwaka uliofuata Churchill akatoa kitabu cha safari hiyo.

Baada ya hapo alipanda na kushuka. Mwaka 1915 mpango wake wa kuwavamia Waturuki katika mlango wa bahari wa Dardanelles ulishindwa, wakafa maelfu kwa maelfu, naye akapoteza cheo. Mwaka 1921, akiwa Waziri wa Makoloni, alikutana na maofisa wake Cairo, na katika mkutano huo iliamuliwa nani atawale Iraq na Transjordan. Miaka ya thelathini alikaa nje ya serikali, akidhaniwa amekwisha. Kisha vita vya Hitler vikaja, na tarehe 10 Mei, 1940, akawa Waziri Mkuu. Kufikia hapo biri mdomoni ilikuwa alama yake kama vile fimbo ilivyo alama ya mzee wa mtaa.

BIRI ZAADIMIKA

Sasa ndipo shida ilipoanza. Biri za Havana hulipiwa kwa dola, na Uingereza ilizitaka dola zake kwa silaha na chakula. Nyambizi za Wajerumani zilizamisha meli baharini. Madukani biri za Cuba zikaadimika, na wavutaji wakageukia zile za Jamaica, kisiwa ambacho wakati huo kilikuwa koloni la Waingereza na kililipwa kwa pauni.

Aprili 1941 mabomu yaliliangusha duka la Dunhill, London, ambako Churchill alikuwa na akiba yake. Husimuliwa kuwa usiku ule ule, moshi ungali unafuka, msimamizi wa duka alimpigia simu Waziri Mkuu kumpa habari kuwa biri zake zimenusurika. Mtu anaweza kucheka. Mji unawaka, na mtu anapigiwa simu kwa ajili ya tumbaku! Lakini ndivyo duka zuri linavyomtunza mteja, na ndivyo watu walivyoamini kuwa mzee huyu akikosa biri, kazi itaharibika.

Cuba nayo haikumsahau. Mwaka 1941 tume ya tumbaku ya nchi hiyo ilimpelekea zawadi ya biri 2,400 ndani ya kabati zuri la mbao. Hapo wakuu wa usalama wakashikwa na wasiwasi. Zawadi imetoka ng'ambo, imepita mikono mingi, na adui ana wapelelezi kila mahali. Je, ikitiwa sumu? Kazi ya kuzipima alipewa Lord Rothschild, mtaalamu wa sayansi katika idara ya usalama. Biri zilichukuliwa katika makasha zikapelekwa maabara kutafutwa sumu na vijidudu. Taabu ni kwamba biri haipimwi bila ya kuharibiwa; ile uliyoihakikisha kuwa ni salama haiwezi kuvutwa tena, na ile inayoweza kuvutwa hukuihakikisha. Churchill mwenyewe hakujali sana. Yasemekana jioni moja aliwagawia mawaziri wake biri za zawadi kabla majibu hayajatoka, huku akiwatania kuwa huenda zina sumu.

Mtu mmoja tu alithubutu kumnyang'anya. Tarehe 30 Desemba, 1941, mjini Ottawa, Canada, mpiga picha Yousuf Karsh aliona moshi utaharibu picha. Akamsogelea, akaichomoa biri mdomoni, akarudi akapiga. Uso ule wa hasira ukawa picha mashuhuri, hata ikatumiwa katika noti ya pauni 5 ya Uingereza iliyotolewa mwaka 2016. Ulimwengu uliuona kama uso wa simba anayemtishia Hitler. Kumbe ni uso wa mtu aliyenyang'anywa biri.

KARAMU YA FAYOUM

Nimefika mahali ambapo moyo wangu husimama kila nisomapo habari hizi.

Februari 1945, vita vikielekea ukingoni, Rais Roosevelt wa Marekani alikutana na Mfalme Abdulaziz ibn Saud ndani ya manowari Quincy, katika ziwa lililo kwenye Mfereji wa Suez. Ilikuwa tarehe 14. Mfalme hakuvuta wala hakupenda kuvutiwa sigara mbele yake. Roosevelt alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, tena alikuwa mgonjwa. Alikuwa amebakiwa na miezi miwili tu ya maisha. Hata hivyo mbele ya mfalme hakuwasha hata moja. Kanali Eddy, balozi wa Marekani aliyekuwa mkalimani wao, aliandika baadaye kuwa Rais alikuwa ndani ya lifti kuelekea chakulani, akaisimamisha katikati, akavuta zake mbili kisha akaendelea. Mfalme, ambaye miguu ilikuwa ikimsumbua kwa majeraha ya vita vya zamani, akapewa na Roosevelt kimoja cha viti vyake vya magurudumu, na zawadi hiyo akaithamini mno.

Siku tatu baadaye, tarehe 17, Churchill akamwalika mfalme huyo huyo katika hoteli ya kando ya ziwa huko Fayoum, Misri. Akaarifiwa desturi ya mgeni wake: hapana moshi wala pombe mbele yake. Churchill mwenyewe ndiye aliyeandika alivyojibu. Alisema kuwa kama dini ya mfalme inakataza, basi kanuni yake yeye inamlazimu kuvuta biri na kunywa kabla ya chakula, wakati wa chakula na baada yake. Akavuta, akanywa. Mfalme alistahimili kwa ungwana, na mtumishi wake akampa Churchill maji ya kisima kitakatifu cha Makka. Churchill akakiri kuwa hakupata kuonja maji matamu kama yale.

Mimi hunishangaza hilo. Mtu amepewa maji ya Zamzam kwa mkono wa heshima, na mkono wake mwingine una biri ambayo hakuweza kuiweka chini kwa saa chache. Kwetu tunasema, ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho lako. Ni kweli kuwa Churchill ndiye aliyekuwa mwenyeji wa karamu. Lakini mwenyeji ndiye anayepasa zaidi kumstahi mgeni.

Wala lisidhaniwe kuwa ni jambo dogo. Siku hiyo alikuwa na haja kwa mfalme. Alimtaka awashawishi Waarabu wakubali mapatano na Wayahudi juu ya Palestina, akamkumbusha misaada ya Uingereza ya miaka ishirini. Mfalme alikataa, na baadaye akamweleza Kanali Eddy kuwa Churchill alimjia kwa vitisho. Sisemi kuwa mfalme angekubali lau biri isingewashwa. Jambo la Palestina lilikuwa kubwa kuliko hilo. Lakini mgeni aliyevumilia moshi wako wakati wa chakula hana sababu ya kuamini kuwa utayajali mambo yake makubwa.

CHUMBA CHA BIRI

Julai 1945 Waingereza walimwondoa madarakani kwa kura. Februari 1946 akaenda tena Havana, akapokewa kama mfalme. Biri ndefu ya Romeo y Julieta, ya inchi saba, ikapewa jina lake, na mpaka leo wauzaji huita kipimo hicho Churchill. Mfanyabiashara wa huko, Antonio Giraudier, akawa anamletea makasha mwaka baada ya mwaka.

Nyumbani kwake Chartwell, katika mkoa wa Kent, palikuwa na chumba kidogo kando ya chumba chake cha kazi, mlimowekwa biri elfu tatu mpaka nne. Makasha yaliandikwa yapi ni makubwa, yapi madogo, yapi yamefungwa, yapi yako uchi. Hakuwa mvutaji wa kuvuta mpaka mwisho. Aliitoboa ncha kwa kijiti cha kibiriti, akaizungushia kikaratasi isilowe mate, akaiwasha, ikazimika, akaiwasha tena, akaitafuna. Majivu yalimwangukia, nguo zikatoboka, na mkewe Clementine akahangaika. Vipisi viliwekewa mmoja wa watunza bustani, ambaye aliviponda akavivuta katika kiko chake. Naam, mtunza bustani huyo alivuta Havana bora kuliko matajiri wengi, wala hakuandikwa katika daftari la mtu.

HESABU YA MWISHO

Mwaka 1951 akarudi kuwa Waziri Mkuu, na ni chini ya serikali yake ndipo Hali ya Hatari ilipotangazwa hapa Kenya, Oktoba 1952. Kwa hiyo wako wazee wa nchi hii ambao jina lake haliwakumbushi biri wala ushindi, bali kambi za kizuizini. Watu wa Bengal nao wanakumbuka njaa ya 1943. Anayemsifu na amsifu, lakini asifiche nusu ya hesabu.

Wako pia wanaosema: mbona alivuta sana, na bado akaishi miaka 90? Huyo ni mmoja. Mfalme wake mwenyewe, George wa Sita, aliyekuwa mvutaji sigara mkubwa, aliondolewa pafu mwaka 1951 kwa ajili ya saratani, akafariki Februari 1952 akiwa na miaka 56, bintiye Elizabeth akiwa matembezini hapa hapa Kenya. Biri nazo huleta saratani ya mdomo na koo hata kwa asiyemeza moshi. Na maulamaa walioyajua madhara hayo wamezidi kuikataza tumbaku.

Churchill alifariki tarehe 24 Januari, 1965, tarehe ile ile aliyokufa babake miaka sabini kabla.

Nikiufikiria mkebe wa babangu sasa, namwona Churchill na yule karani wa Kilindini wakiwa pande mbili za jambo moja. Mmoja aliijua biri kwa kila hali: udongo wake, duka lake, kasha lake, vita na mabomu havikumzuia kuipata. Ila kuiweka chini kwa heshima ya mtu mwingine hakuweza. Wa pili hakujua lolote, hata akaihifadhi mahali pa kuiharibu. Lakini aliiweka miaka mingi, bila ya kuitumia na bila ya kuitupa, kwa sababu moja tu: alipewa na mtu, na mtu ana heshima yake.

Biri ililiwa na wadudu. Heshima ile sijaiona ikitobolewa mpaka leo.